Robert Koch: Tabibu aliyemwandama kupe Afrika Mashariki

MFUGAJI wa Ruiru anapompapasa ng'ombe wake masikioni akitafuta kupe, huwa ana maarifa ambayo zaidi ya karne moja iliyopita yalimpita mmoja wa matabibu mashuhuri zaidi duniani.

Tabibu huyo ni Robert Koch, Mjerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu. Wengi humkumbuka kwa ugunduzi huo pekee. Ni wachache wanaofahamu kwamba miaka mingi ya uzeeni mwake aliitumia barani Afrika, akichunguza maradhi ya mifugo na ya watu, na kwamba kupe alimfunza masomo mawili: moja la kushindwa na jingine la kufaulu.

Koch alizaliwa Desemba 11, 1843, katika mji wa Clausthal, kwenye milima ya Harz. Babake alikuwa afisa wa migodi, na wazazi wake walijaliwa watoto 13. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen mwaka 1866, akatumikia jeshi katika vita dhidi ya Ufaransa, kisha mwaka 1872 akawa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji ambao leo uko nchini Poland.

Huko hakuwa na maabara wala ruzuku ya serikali. Alikuwa na hadubini, chumba cha kutibia wagonjwa na panya wa kufanyia majaribio. Kwa vifaa hivyo vichache alithibitisha, mwaka 1876, kwamba kimeta kilichokuwa kikiwaua kondoo na ng'ombe wa wakulima wa eneo hilo husababishwa na bakteria.

Sifa zilimfikisha Berlin. Machi 24, 1882, alitangaza kwamba amekipata kijidudu cha kifua kikuu, maradhi yaliyokuwa yakifagia familia nzima nzima Ulaya. Mwaka uliofuata alitumwa Misri na India kuchunguza kipindupindu, akarejea shujaa.

Hata hivyo, sifa zina mtego wake. Mwaka 1890 alitangaza kwamba amepata dawa ya kifua kikuu, nayo serikali ikamjengea taasisi mjini Berlin. Wagonjwa walifurika kutoka kila pembe. Haukupita muda mrefu ikabainika kuwa dawa hiyo, tuberkulini, haiponyi. Ilichofaa baadaye ni kupimia tu kama mtu ameambukizwa.

Afrika ilimwita mwaka 1896, sotoka ilipokuwa ikiangamiza ng'ombe kusini mwa bara. Mwaka uliofuata alifika Dar es Salaam, wakati huo ikiwa chini ya Wajerumani. Alipochunguza damu ya ng'ombe wa pwani aliona vijidudu vidogo mno, akadhani ni hatua changa ya ugonjwa mwingine uliokuwa ukijulikana Marekani. Hapo ndipo alipokosea.

Miaka michache baadaye ng'ombe waliosafirishwa kwa meli kutoka pwani ya Afrika Mashariki walipeleka maradhi hayo Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na mifugo ikafa kwa maelfu. Serikali za kikoloni za kusini zilichanga fedha na kumwalika Koch, aliyefungua kambi ya utafiti Bulawayo mwaka 1903. Alitambua sasa kwamba huo ulikuwa ugonjwa wa pekee, akauita homa ya pwani ya Afrika. Wafugaji wetu huuita ndigana kali.

Koch alijaribu kuwakinga ng'ombe kwa kuwadunga damu ya waliopona. Mbinu hiyo haikufaulu. Jibu lilitoka kwa watu wasiokuwa na umaarufu wake: Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu, na Arnold Theiler, daktari wa mifugo, waliobainisha kwamba mwenezaji ni kupe wa kahawia apendaye kukaa masikioni. Kijidudu chenyewe kikapewa jina la Theiler. Kinga ya kwanza ya maana ikawa josho la dawa, ambalo mfugaji yeyote angeweza kulielewa bila kusoma chuoni.

Mwaka 1905 Koch alirudi Afrika Mashariki, na mara hii kupe hakumponyoka. Wapagazi na wasafiri wa misafara walikuwa wakiugua homa inayokuja, kutoweka, kisha kurejea tena na tena. Wenyeji walijua tangu zamani kwamba papasi, yule kupe ajifichaye kwenye sakafu na nyufa za kuta za vibanda, huleta maradhi. Nchini Uganda, madaktari Ross na Milne walikuwa wameeleza jambo hilo mwaka 1904. Huko Kongo, Mwingereza Joseph Dutton aliyekuwa akiichunguza homa hiyo hiyo aliuawa nayo mjini Kasongo mwezi Februari 1905, akiwa na umri wa miaka 30.

Koch aliwapasua papasi, akafuata bakteria ndani ya miili yao hadi kwenye mayai, akaonyesha kwamba hata kupe mchanga anaweza kuzaliwa akiwa na bakteria kutoka kwa mamake. Aligundua pia kwamba wenyeji wengi wazima walikuwa wamejengewa kinga na maambukizi ya utotoni.

Ushauri aliotoa haukugharimu chochote. Msafiri asilale katika vibanda vya zamani vya misafara, bali apige hema mbali kidogo navyo, kwa sababu papasi hasafiri mbali. Desemba mwaka huo akatunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake kuhusu kifua kikuu.

Safari yake ya mwisho ya utafiti barani ilikuwa visiwa vya Sese, Uganda, mwaka 1906 na 1907, malale yalipokuwa yameua zaidi ya watu 200,000 kando ya Ziwa Victoria. Alitumia dawa yenye arseniki iitwayo atoksili. Ilileta nafuu kwa muda, lakini alipoongeza kipimo baadhi ya wagonjwa walipofuka. Doa hilo haliwezi kufutwa katika historia yake. Aliaga dunia Mei 27, 1910, mjini Baden-Baden, kwa ugonjwa wa moyo.

Maisha hayo yana funzo kwa Thika na Ruiru. Nchini Kenya majosho ya umma yalisaidia kudhibiti ndigana kwa miaka mingi, lakini serikali ilipopunguza matumizi yake katika miaka ya 1990 mengi yalikauka, na mzigo ukabaki kwa mfugaji mwenyewe.

Isitoshe, kupe ana jambo jingine ambalo Koch hakuliota. Tangu mwaka 2009 wanasayansi wameeleza kwamba kuumwa na aina fulani za kupe kunaweza kumfanya mtu apate mzio wa nyama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo au nguruwe. Dalili huja saa mbili hadi sita baada ya mlo: vipele, maumivu ya tumbo, hata kuzimia. Kuku na samaki hawana tatizo hilo.

Damu ya watoto wa kijiji cha Kabati, kaskazini mwa Thika, iliyokusanywa kwa utafiti wa pumu, ilikutwa na kingamwili za aina hiyo kwa wingi. Kuwa na kingamwili si sawa na kuugua, na hakuna haja ya mtu kuikimbia nyama choma. Lakini nchini Marekani, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 42 ya wahudumu wa afya walioulizwa hawakuwahi kuusikia ugonjwa huo. Mgonjwa anayekutana na daktari wa namna hiyo hurudi nyumbani bila jibu.

Tangu mwaka 2013 bajeti za afya ziko mikononi mwa kaunti. Fedha za kumwelimisha mhudumu wa zahanati, mwenye bucha na mfugaji ni kidogo zikilinganishwa na za maabara. Koch alipewa maabara na fedha tele kule Bulawayo, akashindwa. Lililowafaa watu zaidi ni neno fupi kuhusu mahali anapojificha papasi, nalo lingewafaa wengi zaidi kama lingefika kila kijiji.