Rachel Carson, mwanamke aliyetetea maua ya chini ya nyaya za umeme

Rachel Carson alizaliwa tarehe 27 Mei 1907 huko Springdale, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Alisomea elimu ya wanyama, kisha akatumika miaka mingi katika idara ya serikali inayolinda samaki na wanyama wa pori.

Baada ya vita vya pili vya dunia, dawa za kuua majani zilipulizwa sana kando ya barabara na chini ya nyaya za umeme, ili miti isizibe njia. Lakini pamoja na miti zilikufa pia vichaka na maua ya asili yanayolisha nyuki wa pori.

Katika kitabu chake Silent Spring, kilichotoka mwaka 1962, Carson alieleza hasara hiyo. Hakudai dawa zote zikatazwe. Aliunga mkono njia ya mtaalamu wa mimea Frank Egler: kulenga miti mirefu peke yake na kuacha vichaka, kwa sababu vichaka vilivyosongamana huzuia miti mipya kuota. Kwa hiyo hakuna haja ya kupuliza tena kila mara.

Viwanda vya dawa vilimshambulia vikali. Wakati huo alikuwa anaugua kansa ya titi, lakini hakuitangaza. Juni 1963 alitoa ushahidi mbele ya Seneti.

Aliaga dunia tarehe 14 Aprili 1964, akiwa na miaka 56. Swali lake lingali mezani kwa kila kampuni ya umeme: kupuliza kote, ao kulenga?