Kimya cha Nyagah kilikuwa na mshindo

Tuzungumzapo juu ya wanasiasa wa Kenya walioiunganisha nchi hii na ulimwengu, ulimi huwahi kumtaja Tom Mboya na ndege zilizowapeleka wanafunzi wetu Marekani. Ni nadra kusikia jina la Jeremiah Joseph Mwaniki Nyagah wa Embu. Nadhani sababu ni kwamba Mzee huyo, aliyezaliwa mwaka 1920 na kufariki Aprili 2008, hakuwa mtu wa makelele. Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Basi leo tuusikilize mshindo huo, na tuulize pia kimya chenyewe kilikuwa na gharama gani.

Nyagah alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mwanasiasa. Alisoma Alliance na Makerere, kisha akashika chaki. Mwaka 1958 alichaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria kwa niaba ya Nyeri na Embu. Msomaji asiupite mwaka huo kwa haraka. Hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ilikuwa bado haijaondolewa, na Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakupiga kura bila cheti cha kuthibitisha utiifu wake kwa serikali. Zilikuwapo nyumba ambazo mwana mmoja alikuwa ameingia msituni na mwingine akajiunga na walinzi wa serikali. Kuwasemea wote wawili kulihitaji moyo wa mpatanishi. Miaka miwili baadaye, Januari 1960, Nyagah alikuwa miongoni mwa wajumbe 14 wa Kiafrika waliokwenda Lancaster House, London, kujadili katiba na watawala wao. Walirejea wakiwa wamefunguliwa njia ya kuwa wengi barazani.

Baada ya uhuru aliongoza Wizara ya Elimu, na baada ya uchaguzi wa 1969 akamrithi Bruce McKenzie katika Wizara ya Kilimo, ambako alikaa takriban mwongo mzima. Septemba 1973 Benki ya Dunia ilifanya mkutano wake mkuu Nairobi, na rais wake, Robert McNamara, akaahidi kuelekeza mikopo kwa mkulima mdogo badala ya kumsahau. Waziri wa Kilimo wa nchi mwenyeji alikuwa mwana wa wilaya ya mashamba madogo. Hapo ndipo ninapoona maana ya maendeleo ya kimataifa: mikopo ya aina hiyo iliyopitia mamlaka ya majani chai ndiyo iliyomwezesha mkulima wa miteremko ya Mlima Kenya kupata miche, barabara ya kupitishia mavuno na kiwanda cha kuyapokea. Mwenye chakula na karo ya watoto hana haraka ya kumwonea jirani yake wivu. Hiyo nayo ni amani.

Upande mwingine wa maisha yake ulikuwa uskauti. Alikuwa Kamishna Mkuu wa Skauti wa Kenya, na akatunukiwa Bronze Wolf, nishani ya pekee itolewayo na kamati ya skauti duniani. Wapo watakaolicheka jambo hilo kama mchezo wa watoto. Mimi silicheki. Katika nchi ambayo vijana wamekodiwa mara nyingi kushika mapanga wakati wa uchaguzi, mtu aliyewafundisha kuwatumikia wasiowajua hakuwa akicheza.

Hata hivyo, haki inadai tuseme na lililo chungu. Mwaka 1975, baada ya J. M. Kariuki kuuawa, Masinde Muliro alipoteza uwaziri kwa kuipinga serikali katika kura ya Bunge. Nyagah alibaki barazani. Mwaka 1982 sheria ilipotufanya kuwa taifa la chama kimoja, bado alikuwamo serikalini. Watetezi wake watasema kwamba aliyebaki ndani ndiye aliyeweza kuwafaa watu wake. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Amani isiyomkemea mwenye nguvu humwacha mnyonge bila mtetezi.

Tazama pia Mto Tana. Mabwawa ya Kamburu na Gitaru yalijengwa katika miaka ya 70, kwa fedha za mikopo kutoka nje, kando ya Mbeere aliyoiwakilisha Bungeni. Umeme ulipita juu ya vichwa vya watu ukaenda kuangaza Nairobi, ilhali kwa miaka mingi vijiji vya chini ya nyaya vilisomea koroboi.

Kwa hiyo simwiti Nyagah malaika, wala simwiti mtu wa kusahauliwa. Alikuwa daraja baina ya shamba dogo na meza kubwa za dunia. Wanaoomba kura zetu Embu leo wangejifunza kwake unyenyekevu na utumishi wa muda mrefu. Lakini sisi wapiga kura tusiridhike na daraja peke yake. Tumwulize kila mgombea mambo mawili: mkopo ukija, nani atawasha taa kwanza? Na jirani akiuawa, utasema nini barazani?