Amiri Ibrahim wa Kilwa, Mtawala Asiyekuwa Sultani

Katika wilaya ya Kilwa, tangu Mitole na Kivinje hadi Masoko, wapo wengi walijuao jina la Sultani Hassan bin Suleiman, yule aliyejenga Husuni Kubwa, na ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala katika mwaka wa 1331. Ni wachache mno wamjuao mtu aliyekuwa na mji mkononi mwake siku zile merikebu za Wareno zilipotokea. Huyo ni Amiri Ibrahim. Hakuwa sultani, wala hakuwa wa damu ya kisultani. Na jambo hilo moja ndilo lililomwandama maisha yake yote.

Yafaa ieleweke kwanza jinsi mtu wa namna hiyo alivyoweza kutawala. Katika karne ya 15 usultani wa Kilwa ulikuwa umebaki jina. Waliokusanya ushuru, waliotuma majeshi na waliochagua nani akae katika kiti walikuwa mawaziri na maamiri. Hati ya Kiarabu iitwayo Kitab al-Sulwa, isimuliayo khabari za mji huo, imejaa ugomvi wao: huyu ampandisha sultani, yule amshusha. Kwa lugha yetu ya sasa twaweza kusema kwamba mkuu wa serikali alikuwa amemmeza mkuu wa nchi. Karibu na mwaka wa 1495 Ibrahim alimtawaza al-Fudhail, na baada ya miaka michache al-Fudhail hakuwapo tena, ila Ibrahim alikuwapo. Waandishi wa Kireno wamdai damu ya sultani huyo. Walikuwa na sababu zao za kumpaka matope, kwa hiyo ushahidi wao tuupokee kwa hadhari. Lakini ni kweli kwamba wakubwa wengi wa mji hawakumpenda, na mtawala wa Sofala, mji ambao dhahabu yake ndiyo iliyoitajirisha Kilwa, alikataa kumtii.

Mtu aliyekaa juu ya kiti kinachotikisika ndiye aliyeletewa wageni wenye mizinga. Wa kwanza alikuwa Pedro Álvares Cabral, mwezi wa Julai 1500. Walionana majini, kila mmoja katika chombo chake, kwani hakuna aliyemwamini mwenziwe. Mreno alitaka biashara ya dhahabu. Amiri alimpa maneno mazuri, kisha siku zikapita bila ya kitu. Cabral alitweka akaenda zake Malindi. Kwa mara hiyo ya kwanza, ujanja wa Ibrahim ulitosha.

Miaka miwili baadaye, Julai 1502, alikuja Vasco da Gama, na huyu hakuja kubembeleza. Alitishia kuupiga mji mizinga mpaka uwe majivu. Ibrahim alilazimika kukubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno, na kutoa mithkali 1,500 za dhahabu, yaani zaidi ya kilo 6. Dhahabu ya Kilwa haikupotea: katika mwaka wa 1506 mfua dhahabu Gil Vicente alimaliza kuifanyia kazi, akatengeneza chombo cha kuonyeshea mkate mtakatifu kanisani. Chombo hicho kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Lisbon, na maandishi yaliyochorwa juu yake yalitaja jina la Kilwa waziwazi.

Hapo ndipo siasa ya Amiri ilipofunua ubaya wake. Yasimuliwa na Wareno kwamba alimtoa Muhammad Ankoni, tajiri na mtu mkubwa wa mji, awe rehani mpaka mali ilipwe. Kisha akakawia kulipa, akitumaini kwamba wageni wangemwondolea mshindani wake. Ankoni akajikomboa kwa mali yake mwenyewe. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa, basi Ibrahim alijitengenezea adui ndani ya nyumba, na kumpa Mreno rafiki ambaye asingempata kwa mizinga.

Julai 1505 ilifika marikebu ya Francisco de Almeida pamoja na nyingine nyingi. Amiri alitoa udhuru baada ya udhuru ili asionane naye. Alfajiri ya tarehe 24 Wareno wapatao 500 walishuka pwani. Walipoukaribia mlango wa jumba, mtu mmoja alitokea juu akipepea ile bendera ya Ureno waliyoiacha wao wenyewe, akilitaja jina la nchi yao. Wakasita. Katika kusita huko, Ibrahim alitoka kwa mlango wa nyuma na kuvuka bara. Mji uliporwa.

Wengine watamwita mwoga. Sisi hatusemi hivyo upesi. Mombasa ilipigana kiume mwezi uliofuata, na ilichomwa moto, ikaporwa vilevile.

Almeida alijenga ngome, akamvika Ankoni taji ya dhahabu iliyokusudiwa kwa mfalme wa Cochin huko Bara Hindi. La kustaajabisha ni kwamba Ankoni aliomba mwana wa al-Fudhail awe mrithi wake, kana kwamba naye aliona haya kukalia kiti kisicho chake. Hakukikalia sana: mwaka wa 1506 aliuawa kwa hila ya jamaa mmoja wa Ibrahim, aliyemwalika kwake kama mgeni. Akawekwa mwanawe, Haji Hassan, kisha mwana wa al-Fudhail mwenyewe. Wote hawakuweza kuutuliza mji. Wafanyabiashara walikimbilia kwingine, na ngome ikawa gharama tupu kwa wenyewe.

Mwaka wa 1512 Wareno walifunga virago, wakaondoka Kilwa. Ndipo Amiri Ibrahim, aliyeishi bara miaka saba akingoja, alipovuka tena kwenda kisiwani, akaukuta mji mdogo kuliko ule aliouacha, akaushika.