Arthur Loveridge, mtu aliyewapa majina mijusi wetu

Yule mjusi mdogo anayekimbia mitini mchana huku Shinyanga na Geita si sawa na mjusi kafiri wa ukutani usiku. Leo tunamwangalia mtaalamu aliyechunguza tofauti kama hizo, Arthur Loveridge.

Alizaliwa Wales, Uingereza, mwaka 1891. Alifanya kazi katika makumbusho ya Nairobi, kisha idara ya wanyamapori Tanganyika. Mwaka 1924 alihamia Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani.

Wataalamu wa mijusi huhesabu magamba na kukagua macho na vidole. Wa ukutani ana mboni iliyosimama kama mstari. Wa mchana ana mboni ya duara, kidole gumba kilichodumaa na ncha ya mkia inayonata.

Mwaka 1952 Loveridge alimpa mjusi wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, jina la Lygodactylus williamsi. Baadaye wafanyabiashara waliwakamata kwa maelfu na kuwauza nje. Sheria hailindi kiumbe kisichojulikana. Huyu alikuwa na jina, na tangu 2017 biashara ya kimataifa ya mijusi hao wa porini ni marufuku.

Loveridge alifariki mwaka 1980, kisiwani St Helena.