Jean Rouch: kamera mikononi mwa wananchi

Mtengenezaji filamu Jean Rouch alizaliwa Paris mwaka 1917. Mwaka 1941 alifika Niger akiwa mhandisi wa barabara, na ndiko alikotengeneza filamu zake za mwanzo pamoja na wenyeji. Msumbiji ilipokwisha kujipatia uhuru, alifika Maputo. Mwaka 1978, kwenye Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane, aliwafunza vijana kutumia kamera ndogo za Super 8, ili waliopigwa picha wajione upesi. Fikra hiyo ilizaa Ateliers Varan, shule iliyoanzishwa Paris mwaka 1981. Rouch alifariki kwa ajali ya gari nchini Niger mwaka 2004. Kwa wakazi wa Palma na Mocímboa da Praia, ambao misiba yao mara nyingi husimuliwa na watu wa mbali, ameacha swali zito: nani ashike kamera?