Bruda Mpishi wa Paris

Mara nyingi twasikia akina mama na akina baba wa jamaa zetu wakilalamika kwamba siku imejaa kazi mno hata nafasi ya kusali haipatikani. Asubuhi ni haraka ya kuwapeleka watoto shuleni, mchana ni shamba au ofisi, na jioni mwili umechoka hata rozari husaliwa kwa kusinzia. Malalamiko hayo si ya uongo, wala hatupendi kuwakaripia wenye kuyatoa. Twapenda kuwasimulia habari za mtu aliyefanya kazi ya jikoni miaka 15, kazi ambayo moyo wake haukuipenda hata kidogo, naye huko huko kati ya masufuria akajifunza kutua kitambo na kumshukuru Mungu kwa furaha.

Kwao aliitwa Nicolas Herman. Alizaliwa yapata mwaka 1614 katika kijiji cha Hériménil, nchi ya Lorraine, ambayo siku hizi ni sehemu ya Ufaransa. Wazazi wake walikuwa maskini. Alipokuwa kijana wa miaka 18, siku moja ya baridi kali, aliuona mti uliopukutika majani yote, kama ilivyo kawaida ya miti ya Ulaya majira hayo, ikaonekana kana kwamba imekufa. Akawaza kwamba baada ya muda majani yatachipua tena, kisha maua, kisha matunda. Mawazo hayo juu ya uwezo na maongozi ya Mungu hayakumtoka tena rohoni.

Hata hivyo hakwenda utawani mara moja. Akawa askari katika Vita vya Miaka Thelathini. Majeshi ya Wajerumani yalimkamata yakimdhania kuwa mpelelezi, yakatishia kumnyonga. Akawajibu bila hofu hata wakamwachilia. Baadaye alijeruhiwa katika mapigano na Waswidi, akawa kiwete maisha yake yote. Akaenda Paris kuwa mtumishi wa bwana mmoja mkubwa, na kwa ushuhuda wake mwenyewe alikuwa mzito wa mikono, mtu wa kuvunja kila alichokishika.

Mwaka 1640 alipokelewa katika konventi ya Wakarmeli Peku mjini humo, akaitwa Bruda Lawrence wa Ufufuko. Alitazamia kwamba watawa watamtesa kwa ajili ya uzito wake, nayo iwe malipizi ya dhambi zake. Uzeeni alikuwa akisema kwa mzaha kwamba Mungu alimdanganya, maana badala ya mateso alipata furaha tupu.

Hapa twamwomba msomaji asiharakishe. Furaha hiyo haikuja mara. Yapata miaka 10 ya mwanzo Bruda Lawrence alikuwa na uchungu mwingi rohoni, na kwa muda wa miaka 4 alisadiki kabisa kwamba atapotea milele, wala hapakuwa na mtu aliyeweza kumwondolea wazo hilo. Mwishowe alijisemea kwamba aliingia utawani kwa ajili ya kumpenda Mungu tu. Basi apotee au aokoke, ataendelea kutenda yote kwa mapendo hayo, na angalau hata siku ya kufa atakuwa amempenda kadiri alivyoweza. Kisha amani ikamjia. Kwa hiyo wanaosema kwamba sala ya furaha ni ya watu waliozaliwa wachangamfu, sisi hatukubaliani nao. Huyu alikuwa mtu aliyejiona amehukumiwa.

Na jikoni je? Alipewa kazi ya upishi, naye aliichukia kwa tabia. Lakini kabla ya kuanza alimwomba Mungu neema ya kuifanya vema. Alipokuwa akifanya alizidi kuzungumza naye moyoni. Na alipomaliza alijihoji. Ikiwa kazi imekwenda vizuri alishukuru, na ikiwa imeharibika aliomba msamaha, akaendelea pasipo kuhangaika. Aligeuza kimanda cha mayai katika kikaango kwa mapendo ya Mungu, na kama hakuwa na kazi nyingine alipiga magoti sakafuni, akamwabudu aliyempa neema ya kukipika, kisha akainuka mwenye furaha tele. Alifundisha kwamba katika kazi yo yote, hata katika kusoma na kuandika mambo matakatifu, yafaa kukatiza mara kwa mara, kitambo kifupi tu, na kumwabudu Mungu kwa siri ndani ya moyo. Wala hakuficha kwamba mwanzoni jambo hili ni gumu, na kwamba mawazo hutoroka mara nyingi na lazima kurudishwa kwa upole.

Wako watu wanaomtaja Bruda huyu ili wajipatie udhuru wa kuacha Misa na kengele ya Malaika wa Bwana. Wamemsoma vibaya. Yeye alishika saa za sala za konventi kwa utii, ingawa alisema kwamba kwake saa hizo hazikutofautiana na saa za kazi.

Alitumwa pia mbali, Auvergne na Burgundy, kuinunulia konventi mvinyo. Hakujua biashara, na kwa sababu ya mguu wake aliweza kwenda huku na huku ndani ya mashua kwa kujiviringisha tu juu ya mapipa. Alimwambia Mungu kwamba shughuli hiyo ni yake, na mvinyo ukanunuliwa. Ugonjwa wa mguu ulipozidi, akaondolewa jikoni, akawa mtengenezaji wa makubazi ya watawa.

Kuanzia mwaka 1666 Padri Joseph de Beaufort alimwendea mara kadhaa, akaandika mazungumzo yao. Jambo la kushangaza ni kwamba kwa muda mrefu maandiko hayo yalipendwa na Waprotestanti kuliko sisi Wakatoliki, kwa sababu ya ugomvi uliotokea Ufaransa juu ya mafundisho ya sala ya utulivu. Baadaye hali ilibadilika, na mwaka 2025 Papa Leo XIV, akiwa ndegeni akirudi kutoka Lebanon, aliwatajia waandishi wa habari kitabu hicho alipoeleza jinsi anavyoishi imani yake.

Bruda Lawrence alifariki tarehe 12 Februari 1691, akiwa na umri wa miaka 77 hivi. Hakutangazwa mtakatifu. Mwaka uliofuata Padri de Beaufort alitoa chapani maandiko yake pamoja na barua 16, na miongoni mwake imo moja ambayo Bruda alikubali kuiandika kwa sharti kwamba asionyeshwe mtu mwingine ye yote.