Adriano Atiman, Tabibu wa Karema

Katika kijitabu hiki tumekwisha kuwataja mapadri, masista na walimu wa dini waliofanya kazi upande wetu wa ziwa. Mtu ambaye sasa tunataka kueleza maisha yake hakuwa Msukuma wala Mzinza, wala hakukaa Sengerema. Twamweka humu kwa sababu watu wa vijiji vyetu huuliza mara kwa mara jinsi zahanati inavyoanzishwa mahali pasipo daktari, na yeye alifanya kazi hiyo kabla ya wengi wetu hata babu zetu kuzaliwa.

Adriano Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya mto Niger, karibu na mji wa Timbuktu. Alikuwa bado mtoto mdogo alipoibwa na wakamata watumwa, akavushwa jangwa la Sahara mpaka nchi ya Aljeria. Huko Mapadri Weupe wakatoa fedha wakamkomboa, naye ana umri wa miaka kumi hivi. Wazazi wake hakuwaona tena.

Yafaa tueleze hapa shauri la Kardinali Lavigerie, maana bila hilo Atiman asingalifika kwetu. Shirika lake la Mapadri Weupe alilianzisha mwaka 1868, na mwaka 1878 akapeleka watu wa kwanza katika maziwa makuu. Safari ile ilikuwa ya mauti. Padri Pascal, mkuu wa kundi lililokwenda Tanganyika, alikufa njiani hata ziwa lenyewe hakuliona. Kundi la pili, chini ya Padri Livinhac, lilifika Kageye, pwani ya kusini ya Nyanza yetu, mwisho wa mwaka uleule. Na mwaka 1883 misioni ya Bukumbi ikaanzishwa, ng'ambo ya ghuba tukitazama kutoka Sengerema. Wengi wa watu wale waliugua homa, na wengine wakafa wakiwa vijana.

Lavigerie akaona kwamba tabibu atokaye Ulaya ni wa gharama kubwa, tena huenda asidumu. Basi akakusudia kuwafundisha udaktari vijana wa Afrika waliokombolewa utumwani, ili wakae vijijini kama wenyeji, waoe, walime, wale chakula cha nchi, huku wakitibu wagonjwa na kufundisha dini. Hakutaka wageuzwe Wazungu. Mwaka 1881 vijana hao wakapelekwa kisiwa cha Malta kusoma katika Chuo Kikuu cha huko, na Atiman alikuwa mmoja wao. Tukilipima shauri hilo leo, twaona lilikuwa la hekima kupita desturi ya siku zile. Lakini chuo chao hakikudumu hata kufikia mwisho wa karne, na waliotoka humo hawakuwa wengi. Twasikitika kwamba kazi hiyo haikuendelezwa; vijiji vyetu vingalipata matabibu mapema zaidi.

Atiman alimaliza masomo mwaka 1888, akasafiri kwa bahari mpaka Zanzibar, kisha akashika njia ya bara pamoja na msafara. Mwaka 1889 akafika Karema, pwani ya mashariki ya Ziwa Tanganyika, katika nchi iliyo leo mkoa wa Katavi. Karema ilikuwa ngome ya Wabelgiji kabla ya kukabidhiwa mapadri mwaka 1885. Vita vya watumwa vilikuwa havijakoma, na watu wengi walikimbilia misioni wakiwa na njaa na majeraha. Kijana yule aliyeuzwa utotoni akajikuta anafunga vidonda vya watu waliopatwa na msiba uleule uliompata yeye.

Msomaji asidhani palikuwa na nyumba kubwa yenye vitanda safu kwa safu. Aliyekuja na kidonda alioshwa na kufungwa, aliyekuja na homa alipewa dawa, na mwanamke aliyeshindwa kujifungua, tabibu aliitwa kwake. Ndui ilikuwapo, na mwanzoni mwa karne ya ishirini malale yakaenea pwani za ziwa lile. Daktari mwingine alikuwa mbali siku nyingi za mwendo. Jambo asiloweza kulitibu Atiman, mara nyingi halikuwa na wa kulitibu. Mzigo huo si mwepesi kwa mtu mmoja, na waganga wa zahanati zetu waujua.

Tena hakudharau dawa za wenyeji. Aliziuliza na kuzijua, akachanganya elimu hiyo na ile aliyoipata Malta. Akaoa mwanamke wa nchi hiyo, Agnes Wansahira, na mtoto wao Yosefu akawekewa mikono ya upadri mwaka 1923. Tangu hapo hapakuwa na aliyeweza kumwita mgeni.

Maaskofu wakaja na kufa. Askofu Bridoux alifariki mwaka 1890, akafuatwa na Askofu Lechaptois, naye akafariki mwaka 1917. Serikali ya Wadachi ikaondoka, ya Waingereza ikaingia. Mapadri wakahamishwa misioni hii na ile, kama ilivyo desturi. Tabibu akabaki Karema. Watoto aliowatibu wakazeeka, wakamletea wajukuu wao. Wakati wa uzee wake aliandika habari za maisha yake mwenyewe, nazo zikachapishwa mwaka 1946. Kwao kwenye mto Niger hakurudi kuishi.

Alikufa mwaka 1956, baada ya miaka 67 ya kazi mahali pamoja, akazikwa kulekule Karema. Nyumba ya Wamisionari wa Afrika, ndio Mapadri Weupe, katika jiji la Dar es Salaam imeitwa kwa jina lake. Miaka mitatu baada ya kifo chake, yaani mwaka 1959, hospitali yetu ya Sengerema ilifunguliwa. Masista waliokuja kuianza walitoka Uholanzi, na wagonjwa wa kwanza walitoka vijiji vilivyokuwa, kama Karema ya mwaka 1889, havijapata kuwa na tabibu wa kukaa nao.